Jinsi Umaskini wa Mkulima Upimwavyo katika Kitui na Makueni

Wasomaji wengi wamepata kusikia ikisemwa mikutanoni, au kuona ikiandikwa magazetini, kwamba sehemu fulani ya nchi ina maskini wengi kuliko sehemu nyingine. Mathalani, katika uchunguzi uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya tangu Septemba 2015 hata Agosti 2016, ilionekana kuwa katika kila watu 100 wa Kitui, 47.5 walikuwa maskini, na katika kila watu 100 wa Makueni, 34.8. Kwa Kenya nzima hesabu ilikuwa 36.1. (Huyo mtu nusu wa Kitui asimchekeshe mtu: maana yake ni kwamba katika kila watu 200, watu 95 walikuwa maskini.) Mkulima wa Mutomo au wa Kathonzweni akiyasikia hayo ana haki ya kuuliza: Ni nani aliyenipima mimi, na kwa pishi gani?

Swali hilo si la upuuzi, kwa kuwa hesabu hiyo hugeuka fedha. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kanuni ya kwanza ya kugawa mapato ya nchi kati ya kaunti 47 ilitenga sehemu 20 katika kila 100 zigawanywe kwa kuangalia umaskini; kanuni ya tatu, iliyoanza na mwaka wa fedha wa 2020/21, ikatenga sehemu 14. Kaunti ikihesabiwa kuwa na nafuu kuliko ilivyo kweli, hupata pungufu, na pungufu hilo huonekana katika zahanati isiyo na dawa na barabara isiyopitika mvua inyeshapo. Ikihesabiwa kuwa maskini kupita kiasi, hupewa kilicho haki ya wenzake. Kwa hiyo yafaa mkulima akijue kipimo chenyewe, ili siku karani wa hesabu atakapobisha hodi aelewe kila swali laulizwa kwa sababu gani.

MSTARI WENYEWE

Zamani watu walipima umaskini kwa macho tu. Walitazama nguo iliyochakaa, paa livujalo na mtoto asiye na viatu, wakakata shauri. Miongoni mwa watu wa kwanza waliojaribu kuuwekea umaskini mstari unaohesabika alikuwa Mwingereza mmoja, Seebohm Rowntree, ambaye mwaka 1899 alichunguza jamaa 11,560 katika mji wa York. Hakuuliza kama watu hao walionekana maskini. Aliuliza: chakula, nguo, kuni na kodi ya nyumba viwezavyo kuuweka mwili wa mtu katika afya ni vya bei gani, na jamaa hii inayo fedha hiyo au haina? Kitabu chake kilipotoka mwaka 1901 kiliwashtua wenye nafasi, kwa maana wengi wa walioonekana kuwa chini ya mstari hawakuwa walevi wala wavivu. Walikuwa watu wenye kazi, ila ujira wao haukutosha.

Kenya hufuata njia iyo hiyo. Kwanza huhesabiwa kapu la chakula kiwezacho kumpa mtu mzima kalori 2,250 kwa siku, kalori ikiwa ni kipimo cha nguvu ipatikanayo katika chakula. Katika uchunguzi wa 2015/16, kapu hilo lilimgharimu mtu wa mashambani shilingi 1,954 kwa mwezi. Huo ndio mstari wa chakula. Kisha huongezwa vitu visivyoliwa ambavyo hata maskini hana budi kuvipata, kama sabuni, nguo, mafuta ya taa, dawa na daftari za shule. Jumla ikawa shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu wa mashambani, na shilingi 5,995 kwa mtu wa mjini, kwa kuwa mjini hata maji na chumba cha kulala hununuliwa. Bei zimepanda sana tangu siku hizo, basi mtu asichukue shilingi hizo kujipimia leo. Twazitaja kwa kuwa ndizo zilizotoa hesabu za Kitui na Makueni tulizoanza nazo.

Twamwomba msomaji ayaangalie sana maneno "mtu mzima", kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Mtoto mchanga hali sawa na baba yake. Kwa sababu hiyo hesabu ya Kenya humhesabu kila mwenye miaka 15 na zaidi kuwa mtu 1, mtoto wa miaka 5 mpaka 14 kuwa 0.65 ya mtu, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 5 kuwa 0.24. Si kwamba mtoto ni pungufu mbele ya Mungu. Ni hesabu ya chungu tu.

Tena hesabu hii haifanywi kwa mtu mmoja mmoja bali kwa kaya. Kaya ni watu wakaao pamoja, walao chungu kimoja, na wanaomtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao. Katika Ukambani mji mmoja, ule uitwao musyi, waweza kuwa na kaya mbili au tatu ndani yake: mzee na mkewe wana jiko lao, na mwana aliyeoa ana jiko lake hatua thelathini mbali. Karani akiwachanganya, hesabu yote huharibika.

KWA NINI HAWAULIZI MAPATO

Mtu wa mshahara akiulizwa apata kiasi gani kwa mwezi, jibu lake ni moja. Lakini mkulima wa Kibwezi au wa Mwingi hana mwisho wa mwezi. Huuza ndengu baada ya mavuno, akauza mbuzi mmoja wakati wa karo, akauza maembe msimu wake ukiwadia. Akafanya kibarua siku nne katika shamba la jirani. Mwanawe aliye Mombasa akampelekea fedha kwa simu, jambo ambalo limekuwa jepesi sana tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Ukimwuliza, "Wapata shilingi ngapi kwa mwezi?" atakutazama kama mtu aliyeulizwa mto una urefu gani wakati hauna maji.

Kwa ajili hiyo wapimaji wameacha kumwuliza mkulima kilichoingia, wakamwuliza kilichotumika. Kaya hii ilikula nini katika siku saba zilizopita, kiasi gani, na kilitoka wapi? Ilitumia nini kwa sabuni, kwa nauli, kwa dawa? Ilinunua nguo gani katika miezi iliyopita? Na hapa lipo jambo kubwa kupita yote kwa mkulima: chakula kilichotoka shambani kwake, ambacho hakikununuliwa kwa senti hata moja, nacho hutiwa katika hesabu kwa bei ya soko la karibu. Kunde alizochuma mama nyuma ya nyumba zina bei. Maziwa ya mbuzi yana bei. Mbaazi zilizokaushwa zikawekwa katika kibuyu zina bei.

Na tufanye hesabu. Kaya hii na shilingi zake ni za mfano tu, ila mistari ni ile ya kweli ya 2015/16. Tuseme katika kaya moja yumo baba, mama na nyanya. Watoto watatu wa miaka 12, 9 na 7. Na mtoto mmoja wa miaka 3. Vichwa ni saba. Lakini kwa kipimo chetu, wazima watatu ni 3. Watoto watatu mara 0.65 ni 1.95, mdogo ni 0.24. Jumla ni 5.19.

Katika mwezi wa Machi, kaya hii ilikula mahindi, kunde, mbaazi na maziwa yake yenyewe, vyote vyenye thamani ya shilingi 7,400. Ilinunua sukari, chumvi, mafuta na unga kidogo kwa shilingi 3,900. Ilitumia shilingi 3,300 kwa mambo mengine. Jumla ni shilingi 14,600. Ukigawa kwa 5.19, kila mtu mzima amepata shilingi 2,813. Mstari ni 3,252. Basi kaya hii ni maskini. Hata hivyo, chakula peke yake kilikuwa shilingi 11,300, ambazo zikigawanywa kwa 5.19 ni 2,177, na hizo zapita 1,954 za mstari wa chakula. Kwa hiyo kaya hii ni maskini, lakini haina njaa.

Sasa angalia ambavyo ingekuwa kama karani angesahau cha shambani na kuhesabu fedha taslimu tu. Angepata shilingi 7,200, sawa na 1,387 kwa kila mtu mzima, naye angeandika kwamba watu hawa wako karibu kufa. Kama angegawa kwa vichwa saba badala ya 5.19, shilingi 14,600 zingekuwa 2,086 tu kwa kila mmoja. Watu ni wale wale, sufuria ni ile ile, lakini majibu ni matatu mbalimbali. Ndiyo maana mtu mwenye busara akisomewa hesabu yoyote ya umaskini huuliza kwanza ilivyofanywa, ndipo akasirike au afurahi.

MACHI SI OKTOBA

Tuirudie kaya ile ile mwezi wa Oktoba wa mwaka ambao mvua za Machi hadi Mei zilikatika mapema. Ukambani, kama ijulikanavyo, hupata mvua mara mbili, na zile za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wengi wazitegemeazo zaidi. Mavuno yake huja mwanzoni mwa mwaka. Basi mwezi wa Oktoba ghala limekwisha na shamba linapandwa. Cha shambani sasa ni cha shilingi 1,500 tu. Unga ulionunuliwa kwa gorogoro, kwa bei iliyopanda, pamoja na vingine vya kuliwa, ni shilingi 5,700. Mengine yote ni shilingi 1,800, maana nguo hazikununuliwa. Jumla ni shilingi 9,000, sawa na 1,734 kwa kila mtu mzima. Hata kama wangeacha sabuni na mafuta ya taa, wakala kila senti waliyo nayo, hawangeufikia mstari wa chakula. Wenye takwimu huuita huo umaskini wa kupindukia.

Je, kaya hii ni maskini wa kawaida au maskini wa kupindukia? Jibu lategemea siku karani aliyobisha hodi. Wapimaji wanalijua jambo hili, na kwa sababu hiyo uchunguzi wa 2015/16 uliendeshwa kwa miezi kumi na miwili mfululizo. Kaya 24,000 zilichaguliwa katika Kenya nzima, makarani wakazigawanya katika mwaka mzima, ili nyingine zifikiwe wakati wa shibe na nyingine wakati wa ukata. Hivyo hesabu ya kaunti kwa jumla hukaribia ukweli. Lakini kila kaya peke yake ilichunguzwa kwa muda mfupi tu. Kwa maoni yangu jambo hili halisemwi vya kutosha: hesabu hiyo yaweza kusema juu ya Kitui, haiwezi kusema juu ya nyumba yako. Afisa atakayechukua majibu ya wiki moja na kuamua kwamba fulani asaidiwe na jirani yake asisaidiwe, ameitumia mizani ya gunia kupimia dawa.

Tena shilingi si chakula. Wazee wa Ukamba huzipa njaa zao majina, na jina moja lafaa kuandikwa juu ya meza ya kila mpimaji. Njaa iliyopiga mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikwa Ngwete, yaani "nafa nikiwa nimeshika", kwa kuwa watu walikuwa na fedha mkononi lakini madukani hamkuwa na cha kununua. Kipimo cha shilingi kingewasifu watu hao kuwa na nafuu. Siku hiyo aliyekuwa na debe mbili za mtama alikuwa tajiri kuliko karani mwenye mshahara.

Na cha ghalani nacho chaweza kudanganya. Mwaka 2004 katika Makueni na Kitui, mahindi yaliyovunwa yalipatwa na unyevu. Chakula kilikuwa haba na watu waliogopa wezi, basi wengi wakayaingiza mahindi ndani ya nyumba walalamo kabla hayajakauka vizuri. Ukungu ukamea, na ukungu huo ukatoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu maini, wala haiondoki kwa kupika. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliofuatia walikuta kwamba walioshikwa walikuwa hasa wale waliokula mahindi ya shamba lao wenyewe, waliyoyaweka nyumbani yakiwa na unyevu. Hebu fikiri, msomaji: kama karani wa hesabu angepita katika nyumba hizo wiki moja mapema, angeyapima mahindi yale kwa debe, akayapa bei ya soko, akaandika kwamba kaya hii ina akiba. Mwenye fedha ya kununua turubai la kuanikia, na mwenye ghala lililoinuliwa kutoka ardhini, alikuwa na mahindi ya kiasi kile kile ghalani mwake, naye akaishi.

UNA NG'OMBE WANGAPI?

Hili ndilo swali lijibiwalo vibaya kuliko yote katika nchi hii, wala sababu yake si ujinga. Makueni ya leo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992, na Machakos ina kumbukumbu yake juu ya kuhesabiwa ng'ombe. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kilimo waliona udongo unachukuliwa na maji na makorongo yanaongezeka, wakasema mifugo imezidi nchi. Mwaka 1938 amri ilitolewa mifugo ipunguzwe kwa lazima. Ng'ombe walihesabiwa, kila mtu akaambiwa kiasi atakachobaki nacho, na waliozidi wakachukuliwa wakanadiwa kwa bei duni. Na kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, kikingoja. Wakamba, wake kwa waume, wakashika njia kwenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini mwishowe upunguzaji wa lazima uliachwa, na ng'ombe wakarudishwa.

Hesabu ilitangulia, mnada ukafuata. Basi mzee akiulizwa leo ana ng'ombe wangapi, akajibu "wachache" huku akitazama mlima, hapaswi kuitwa mwongo upesi. Alifundishwa na babu yake. Hali imebadilika: uchunguzi wa takwimu siku hizi hauhusiani na kodi wala na mnada, na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 yamkataza karani kutoa habari za kaya yoyote kwa mtu mwingine. Lakini hofu haifutwi kwa sheria peke yake, na karani aingiaye kwa majivuno, akikagua zizi kabla hajasalimu, huiamsha upya.

Kuna na uongo wa upande wa pili, nao hautajwi sana. Mama aulizwa mbele ya wageni kama watoto walikula jana jioni. Hawakula, au walikunywa uji mwepesi tu. Naye ajibu, "Tulikula," kwa sababu ni aibu kumwambia kijana mgeni kwamba chungu hakikupanda motoni. Afichaye ng'ombe aifanya kaunti ionekane maskini mno. Afichaye njaa aifanya ionekane tajiri mno. Wala uongo huo miwili haupatani ukafutana, kama wengine wadhanivyo, kwa sababu mwenye ng'ombe na mwenye njaa aghalabu si nyumba moja.

PASI, TAULO NA KIKAANGIO

Kwa kuwa kuuliza chakula cha siku saba na matumizi yote ni kazi ya saa nyingi, wataalamu wametafuta njia ya mkato. Mmoja wao, Mark Schreiner, alitunga karatasi ya maswali kumi tu, na ile ya Kenya, iliyotokana na uchunguzi wa 2005/06, ilitolewa mwaka 2011. Maswali yake ni ya ajabu kidogo ukiyasikia kwa mara ya kwanza. Kaya ina watu wangapi? Mama wa nyumba alisoma hadi darasa la ngapi? Sakafu ni ya nini? Taa huwashwa kwa nini? Kuna pasi? Vyandarua vingapi, taulo ngapi, vikaangio vingapi? Kila jibu lina alama zake, na jumla, iliyo kati ya 0 na 100, huonyesha uwezekano wa kaya hiyo kuwa chini ya mstari.

Mtu atacheka: kikaangio kina nini na umaskini? Lakini fikiri. Anayenunua pasi ana nguo za kupigwa pasi na mahali pa kwenda amezivaa. Mwenye taulo tatu amekwisha kuyapita yale ya lazima. Tena vitu hivyo havifichiki kama ng'ombe, wala haviamshi hofu. Karani hummaliza mtu kwa dakika kumi.

Kasoro yake ni ile ile iliyo sifa yake. Pasi haijui njaa. Mvua zikikosekana misimu miwili, nyumba itabaki na sakafu yake ya saruji, na taulo zake, na kikaangio chake kimetundikwa ukutani hakina cha kukaangwa. Bati nalo limeenea Ukambani hata katika nyumba za watu dhaifu kabisa, kwa kuwa ndilo likingialo maji ya mvua. Basi karatasi hiyo yafaa kuonyesha umaskini wa miaka, haifai kuonyesha njaa ya mwezi huu. Na mtu asiitumie kugawia chakula cha msaada.

Wengine wameona heri kuwauliza wanakijiji wenyewe. Anirudh Krishna na wenzake, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2004, walifanya hivyo katika vijiji 20 vya magharibi ya Kenya. Waliwakalisha watu pamoja wakawauliza: kaya maskini ikipata nafuu, hufanya nini kwanza, kisha nini? Kisha wakauliza habari za kila nyumba, ilikuwa wapi miaka iliyopita na iko wapi sasa. Iliyoonekana ni kwamba walioanguka katika umaskini walisukumwa hasa na maradhi, gharama za matibabu na gharama za mazishi. Hilo haliwezi kuonekana katika kipimo cha siku saba, wala katika kikaangio. Njia hii yafaa sana Ukambani, ambako vikundi vya mwethya vimezoea kukutana na kufanya kazi pamoja, na kila mmoja ajua ng'ombe wa nani aliuzwa kulipia hospitali.

WASTANI HUFUNIKA MENGI

Neno moja juu ya zile 34.8 za Makueni na 47.5 za Kitui. Hizo ni wastani. Katika Makueni, mtu wa milima ya Mbooni au Kilungu ana ubaridi, kahawa na matunda, na aliye Emali au Makindu ana reli na barabara kuu ya Mombasa mlangoni. Lakini teremka kuelekea Kathonzweni na nchi hugeuka kavu. Kitui ni kubwa kupita Makueni mara tatu na zaidi, reli haipiti huko, na watu wa upande wa Tseikuru wako mbali na soko na maji. Huko punda mwenye mitungi ni mali kuliko pasi, na mwanamke aweza kutumia nusu ya siku kufuata maji wakati wa kiangazi. Nusu siku hiyo haimo katika shilingi 3,252. Siku hizi wako wapimao umaskini kwa kuangalia mambo mengi pamoja, maji, elimu, nyumba na afya, si matumizi ya fedha tu. Nami naona ndivyo ipasavyo kwa nchi kavu, mradi saa za kutembea nazo ziandikwe.

Sasa, karani akifika kwako, mwombe kitambulisho chake kwanza, hatakasirika. Akikuuliza mahindi mliyokula, usimwambie "kiasi cha kutosha". Mwonyeshe chombo mlichotumia kupimia, awe gorogoro au debe, na umwambie kama hujazwa mpaka mdomo au hupitishwa. Vitaje na vile usivyovinunua: mboga za porini, maziwa, asali, embe alilookota mtoto, unga uliopewa na dada yako. Anayepika ndiye ajuaye kilichopikwa, basi baba asijibu maswali ya jikoni. Amwite mama, na karani amwulize hali wengine wamesogea kando. Mwana aliyehamia Mombasa na kula chungu chake huko, usimtie katika idadi ya watu wa kaya. Lakini fedha alizoleta kwa simu mwezi uliopita, zitaje zote, na useme pia miezi ambayo hakuleta.